Neno Lililodariziwa Kwenye Kitambaa

Selina Masele alikuwa ameinama juu ya meza ya nyuzi pale Makoroboi, akilinganisha kijani hiki na kijani kile, aliposikia mwanaume akimuuliza mwenye duka kama ana brashi laini ya kupakia poda. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 1998, na mitumba, redio na sabuni za kila nchi zilikuwa zimemwagwa barabarani hata pa kukanyaga hapakuonekana. Selina aligeuka kumtazama mtu wa poda. Shati jeupe la mikono mirefu, suruali iliyopigwa pasi ikakubali, viatu vinang'aa utadhani mwenyewe haishi Mwanza hii ya vumbi.

"Kaka, unamnunulia mama watoto?"

"Naununulia mtambo," alijibu bila kucheka. "Kompyuta. Wadudu wa ziwani wanaingia ndani na kufia humo, na brashi ngumu inakwangua."

"Basi huyo kompyuta ana bahati. Wengine hatujawahi kununuliwa hata kitana."

Hapo akacheka. Aliitwa Longino, mtu wa Kamachumu, fundi wa kompyuta aliyetoka Dar miezi michache nyuma. Selina alimwambia nyie Wahaya hata mkipiga deki mnavaa shati jeupe, akamlipa muuzaji na kwenda zake nyumbani Igoma. Njia nzima alijikuta akitabasamu peke yake, na alijikasirikia kidogo kwa hilo.

Jumatatu, nani anaingia ofisini na brashi ya poda mkononi? Kiwanda cha minofu cha Ziwa Jema kilikuwa kimepata fundi mpya, na fundi ndiye huyo. Selina alikuwa mtunza kumbukumbu wa ubora. Sangara walipopokelewa, mkaguzi aliwapima joto, naye akaandika kwenye kompyuta mzigo upi umekubaliwa na upi umekataliwa. Uliokubaliwa ulipanda ndege kwenda Ulaya. Uliokataliwa ulibaki, na Ulaya siku hizo walikuwa wakali kuhusu samaki wetu, hawakutaka mchezo.

Longino aliizunguka ofisi, akasimama mbele ya meza ya Selina. Kila kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua pembeni na neno moja katikati. KARIBU kwa mhasibu. AMANI kwa karani wa mapokezi. TULIA kwa Selina. Alikuwa amevidarizi vyote mwenyewe, mwaka mashine zilipofika, ili vumbi lisiingie.

"Vizuri sana hivi," alisema Longino. "Neno la siri la mashine hii ni lipi?"

Selina alinyoosha kidole kwenye kitambaa.

Mambo yalikuwa hivi. Fundi wa kwanza aliwaambia kila mtu achague neno ambalo hatalisahau. Mhasibu akatazama kitambaa kilichokuwa mbele yake, akasema hili hapa, na wenzake wakaona ni akili. Tangu hapo ofisi ilikwenda hivyo. Aliyetaka kufungua mashine ya mwenzake alisoma kitambaa. Walioacha kazi waliondoka na maneno vichwani mwao, wapya wakayakuta mezani, na hakuna aliyeona tatizo.

Longino aliliona. Alimwendea meneja, Bwana Nkwabi, akamweleza kwamba nyumba hii ina milango na kufuli, ila funguo zote zinaning'inia nje. Bwana Nkwabi alisema litaangaliwa baada ya ukaguzi. Baada ya ukaguzi akasema baada ya mvua, na mvua zilipokwisha akasema fundi huyu ana maneno mengi. Selina naye aliombwa abadilishe lake, akabadilisha. Kesho yake Mzee Malimi, msimamizi wa upakiaji, aliyemwombea kazi hapo, alikuja kumuuliza kwa upole sasa sisi tutafunguaje wewe ukiwa kanisani. Selina alimwamkia shikamoo, akalirudisha TULIA.

"Mzee yule ndiye aliyenileta hapa," alimwambia Longino. "Unamnyimaje?"

"Unamwambia hapana, Mzee."

"Wewe hujalelewa Usukumani."

Hawakugombana. Walikuwa wameshaanza kupendana, na wapendanao huyapisha mengi. Jumapili walikaa Capri Point wakitazama mawe na maji, Selina katika gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, Longino akimenya machungwa kwa kisu kwa utaratibu ule ule aliofungulia mashine. Siku za kazi alipotumwa mjini alimpigia simu kiwandani, na Odeta wa mapokezi aliunganisha simu hizo kisha akasahau kurudisha kipokeo chake. "Leo kakuita malaika," Odeta alimtangazia mbele ya watu. "Juzi ilikuwa tunda. Anapanda cheo." Selina alijifanya kuudhika. Alikuwa na furaha kuliko alivyowahi kuwa, na aliijua furaha hiyo kwa jina.

Kisha mzigo ukarudishwa kutoka Ulaya. Samaki walikuwa wamepata joto. Kumbukumbu za mkaguzi zilionyesha kwamba mzigo ule alikuwa ameukataa, lakini kompyuta ilisema umekubaliwa, na ilisema aliyeukubali ni Selina Masele, Jumapili mchana.

Walimwita Longino kikaoni. Bwana Nkwabi aliuliza ni jina gani lililofungua mashine saa ile, na Longino akasema la Selina. Akaulizwa kama ni Selina aliyebadilisha kumbukumbu. Selina alikuwa amekaa mkabala naye, akimtazama usoni, akisubiri. Jumapili ile mchana walikuwa pamoja Capri Point. Machungwa aliyamenya yeye.

Longino alitazama mikono yake, akanyamaza.

Selina aliambiwa akae nyumbani hadi Ijumaa, uamuzi utakapotolewa. Alitoka bila kuaga. Lililomuuma halikuwa kazi tu, ingawa kwa kazi ile ndugu zake wawili walisoma. Kiwandani angeondoka akiitwa mtu aliyelisha watu samaki wabovu, na hakuna kiwanda kingine Mwanza ambacho kingemchukua. Na yule mtu mmoja aliyejua alikokuwa alikuwa amekaa pale kimya.

Longino alipiga simu duka la jirani kule Igoma. Mara ya kwanza Selina alituma jibu kwamba amekwenda Nansio. Mara ya pili akaja, akakishika kile kipokeo kwa mikono miwili.

"Seli, nilinyamaza kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu ungesema."

"Ningesema ulikuwa na mimi, wangesema namtetea mpenzi wangu. Ningesema kila mtu anaweza kufungua, wangeuliza nani kalidarizi neno. Niliogopa wakufukuze kwa kitambaa."

"Nimelidarizi mimi. Kiwanda kizima kinajua. Wewe ulikuwa unamficha nani, Longino?"

 Akakata simu.

Ijumaa alivaa sketi yake nyeusi na blauzi ya bluu ya kanisani, akasuka nywele zikalala. Kikao kilifanyika hapo hapo ofisini. Selina aliomba jambo moja tu: Bwana Nkwabi amfungulie mashine yake, kuna kitu anataka kukionyesha. Meneja aliinuka, akaweka kitambaa pembeni pasipo hata kukitazama, akaandika herufi tano kwa vidole viwili. Mashine ikafunguka.

"Ahsante," alisema Selina. "Neno nani kakupa, bosi?"

"Nani asiyelijua? Tunalijua wote hapa."

Aliposikia alichokisema, alibaki ameshika kiti. Hakuna aliyemsaidia. Ndipo Longino aliposimama, akaeleza kwamba mashine hukumbuka jina, haijui ni vidole vya nani, kwamba hilo amelisema tangu mwezi wa kwanza alipofika, na kwamba Jumapili ile mchana Selina alikuwa na yeye Capri Point. Alilisema lote kwa sauti iliyosikika hadi mapokezi. Odeta baadaye aliapa kwamba safari hii hakuhitaji simu.

Mzee Malimi aliinua mkono. Gari lilikuwa limeshawashwa, alisema, ndege inasubiri, naye akaona barafu itatosha, akaandika umekubaliwa. Hakumtazama Selina. Selina alimhurumia, na huruma hiyo ilimkera.

Mambo yaliyoshindikana kwa miezi yalikwisha kwa siku mbili. Majina ya walioacha kazi yalifutwa, kila mtu akapata neno lake asilomwambia mtu, Mzee Malimi akabaki upakiaji bila ruhusa ya kugusa mashine, na Selina akarudi kazini. Vitambaa akavifumua maneno, akabakiza maua. Longino alimkuta akifanya hivyo.

"Nimesema, Seli."

"Umesema baada yangu." Alivuta uzi, ukakatika. "Mambo yako mengine yalete Igoma. Na uje nayo mdomoni mwako mwenyewe."

Alikuja, na mshenga, mzee Jovinary, mwenye koti zito na ulimi laini. Baba yake Selina aliwakaribisha uani. Mshenga alizungumza vizuri mno, na Longino, kama ilivyo desturi, alikaa kando ameinamisha kichwa. Selina, aliyekuwa mlangoni na birika la chai, alimwona anaitazama mikono yake, kama siku ile kikaoni.

"Mmesema kijana anamfahamu binti yangu," alisema baba. "Anamfahamuje?"

Mshenga alifungua kinywa. Longino akaweka mkono juu ya goti la mzee yule, akainua uso.

"Shikamoo tena, baba. Namfahamu. Siku moja niliulizwa habari zake mbele ya watu, nazijua, nikanyamaza. Akabaki peke yake. Leo umeniuliza, nami najibu mwenyewe."

Baba alimtazama mshenga, akamtazama kijana, kisha akageukia mlangoni kumwita binti yake alete chai. Selina alikuwa ameshafika na birika. Alimimina kikombe cha kwanza, akampa Longino.