Miaka Tisa Ambayo Sikuishi na Obadia

"Wewe ndiye Sidonia wa Makole?"

"Ndiye mimi. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Priska, nipo Chemba. Mimi ni mke wa Obadia."

Nilikuwa ofisini Chamwino, kikombe cha chai mkononi. Nikakiweka juu ya faili za watu. Jina hilo halikuwa limetajwa kwenye simu yangu kwa miaka tisa.

"Dada, kama kuna maneno umeyasikia, mimi na mumeo hatuna..."

"Najua hamna kitu. Ungekuwa mwizi wangu nisingekupigia, ningekufuata." Akavuta pumzi. "Alianguka na pikipiki mwezi uliopita, akaumia kichwa. Amezinduka, anakula, anatembea. Ila mimi hanijui. Ananiita nesi. Kutwa anauliza mke wake Sidonia amekwenda wapi."

Nikainuka, nikasogea dirishani.

"Anasema mmezaa. Anasema mna nyumba ya bati la bluu. Dada, mimi sina nyumba ya bati la bluu. Njoo. Nimejaribu kila kitu, umebaki wewe."

Nikaomba ruhusa kazini, kesho yake nikapanda basi la Chemba.

Niseme ukweli tangu mwanzo, maana nimechoka kujipamba. Obadia alileta posa kwetu. Nyumbani, wageni wa posa wakifika, binti anaitwa sebuleni, anaulizwa swali moja mbele ya wazee: hawa wageni unawafahamu? Ukisema nawafahamu, barua inapokelewa. Ukisema siwafahamu, wanakunywa maji yao na kuondoka. Mimi nilisema siwafahamu. Obadia nilimpenda, na tangu siku ile sijampenda mwingine.

Priska alinipokea mlangoni. Mdogo kwangu, macho yamevimba.

"Karibu dada. Yuko uani. Usimshtue."

Obadia alikuwa ameketi kivulini, kovu jipya juu ya sikio. Aliponiona akainuka, uso wote ukafunguka.

"Mama Loisi! Umechelewa hivyo! Kulikuwa na foleni?"

Loisi ni jina tulilolichagua wawili tukiwa chuoni, la binti tutakayempata. Hatukumwambia mtu.

"Kulikuwa na foleni," nikajibu.

"Mtoto umemwacha wapi?"

"Kwa bibi yake."

"Nywele ulimaliza? Juzi alilia mpaka ukamwacha amesukwa upande mmoja."

"Nilimaliza asubuhi."

"Safi. Miaka saba tu, ubishi wote huo! Kauchukua kwako."

Akacheka, nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwona yule mtoto kabisa, nywele nusu, anakimbia uani. Nikamuuliza Obadia mambo ya nyumba yetu, naye akanieleza: dirisha la jikoni lililovunjika, mwaka tuliokosa mvua tukauza mbuzi, ugomvi wetu wa Krismasi. Kila neno alilosema lilikuwa langu, na sikuwa nimeliishi hata siku moja.

Priska akaleta ugali na mlenda.

"Asante nesi," Obadia akamwambia kwa upole. "Leo pumzika. Mke wangu amekuja."

Priska akaitua sahani, akaniita pembeni kwa macho. Nikamfuata jikoni.

"Nimesikia yote," akasema. "Mwaka mzima hajaniongelesha vile hata kabla hajaanguka."

"Priska, mimi..."

"Ngoja nimalize. Ukitaka kumchukua, mchukue, sitakushika nguo. Ila uniambie leo hii. Siwezi kuendelea kuitwa nesi ndani ya nyumba yangu."

Nilitaka kumchukua. Sitajifanya malaika. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, nikakae kwenye ile nyumba ya bati la bluu hata kama haipo.

Nikarudi uani.

"Sidonia, twende nyumbani," Obadia akasema. "Hapa wananitunza, lakini si kwangu."

"Obadia, siku wazee wako walipokuja kwetu, nilijibu nini?"

"Swali gani hilo? Ulisema unawafahamu. Shangazi yako akapiga vigelegele mpaka jirani wakaja."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema!"

"Nilisema siwafahamu. Wazee wako walikuwa wanasemezana Kisandawe sebuleni. Binamu zangu jikoni wakawa wanaigiza zile sauti za kugonga ulimi na kucheka. Na mimi nikacheka nao. Nikaona aibu kuolewa kwenu. Sikulazimishwa na mtu."

Akanitazama kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Na Loisi?"

"Hayupo."

"Yuko kwa bibi yake. Umesema mwenyewe!"

"Nilikudanganya. Hakuzaliwa, Obadia."

Nimehudhuria misiba mingi, sijasikia mwanamume akilia vile. Alimlilia mwanawe kwa jina, akijipiga kifuani, na aliyempa habari ya kifo ni mimi niliyemzuia kuzaliwa.

Priska alikuja mbio, akapiga magoti, akamshika. Obadia akamsukuma.

"Usimsukume," nikamwambia. "Huyo ndiye mkeo. Yeye alipoulizwa mbele ya wazee, alisema anawafahamu."

Priska alipomshika mara ya pili, Obadia hakumsukuma. Nikachukua mkoba wangu nikatoka bila kuaga.

Ziliisha wiki tatu ndipo simu ikaita.

"Dada, leo ameniita Priska." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. "Ameamka tu akaniita, akauliza mbona shamba halijapaliliwa. Kumbukumbu zimerudi, zote."

"Mungu mkubwa. Na Loisi?"

"Nilimtajia kidogo, kumpima. Akaniuliza, Loisi ndiye nani? Hakumbuki hata kama ulikuja. Nimemwambia hakuja mtu." Akasita. "Nimekosea?"

"Hujakosea, mdogo wangu."

"Basi nikuombe kitu. Usinipigie. Na mimi sitakupigia."

"Sitakupigia. Ishi na mumeo."

Alikata. Nikafunga mlango wa ofisi, nikakaa chini sakafuni nikalia mpaka wenzangu wakagonga wakiuliza nimefiwa na nani. Ningewajibu nini? Baba yake ameshamsahau. Duniani mwote nimebaki mimi peke yangu ninayemkumbuka Loisi, na wala sikumzaa.