Sahani ya Watu Wanne

Kila asubuhi, kabla jogoo wa jirani hajamaliza makelele yake, Mbuke alikuwa amekwisha kufagia uwanja, kuosha vyombo vya jana na kuwaamsha wadogo zake mapacha, Kulwa na Doto. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Kisha alikunywa chai kwa michembe, vile viazi vikavu alivyovipenda, akavaa sare na kwenda shuleni mbio. Hakukimbia kwa kuchelewa. Alikimbia kwa sababu alipenda kukimbia, na watu wa mtaa wao wa Kalangalala walimjua hivyo: mtoto wa Mama Ritha, yule asiyejua kutembea.

Mbuke alikuwa darasa la sita, na mwaka huo alitaka jambo moja tu: achaguliwe kukimbia mita mia nane katika mashindano ya wilaya. Mwalimu Stanslaus, mwalimu wa michezo, alihitaji wasichana watatu. Siku moja wakati wa mapumziko, mwalimu huyo alimkuta Mbuke na soda mkono mmoja na mfuko wa chipsi mkono wa pili.

"Shikamoo, mwalimu," Mbuke alisema, akijaribu kuficha soda nyuma ya sketi.

"Marahaba. Mbuke, miguu unayo. Lakini mkimbiaji hajengwi kwa soda na chipsi."

Maneno hayo yalimchoma. Jioni alimsimulia dada yake Ritha, aliyekuwa akiuza vocha na makava ya simu mjini. Ritha akacheka.

"Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kutwa nimekaa dukani, mchana chipsi mayai, jioni soda. Nikitembea kidogo tu, nahema! Sasa nimeweka programu ya lishe kwenye simu. Unapiga picha chakula chako kabla ya kula, au unakiandika, nayo inakuambia kama kinakufaa."

Akampa Mbuke simu yake ya zamani, yenye ufa kwenye kioo, akamwonyesha. Uso wa kijani unaotabasamu ulikuwa na maana kwamba chakula ni kizuri. Uso mwekundu ulionuna ulikuwa na maana kwamba kuna kasoro.

Mbuke akaapa moyoni kwamba atapata kijani kila siku. Naye alikuwa mtoto wa kushika lake. Akiamua jambo, hata mama yake alichoka kumbembeleza.

Mwanzoni mambo yalinyooka. Soda aliiacha, na hela ya chipsi akanunulia ndizi mbivu au karanga. Simu hazikuruhusiwa shuleni, kwa hiyo alirudi nyumbani na kuandika alichokula, na uso wa kijani ukamtabasamia. Mazoezini alianza kujisikia mwepesi.

Taabu ilianzia kwenye chakula cha jioni. Nyumbani kwao, kama katika nyumba nyingi za Wasukuma, hakuna aliyekuwa na sahani yake. Mama alisonga ugali, akaupakua kwenye sahani moja kubwa, akaweka na bakuli la dagaa na la nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa. Kisha yeye, Mbuke na mapacha walinawa mikono na kula pamoja. Baba alikuwa machimboni Nyarugusu, akirudi mara mojamoja. Ritha alichelewa kufunga duka, kwa hiyo aliwekewa chakula chake pembeni kwenye bakuli dogo.

Jioni ya kwanza Mbuke alipiga picha kabla ya kumega tonge. Uso mwekundu ukatokea, na chini yake maneno: "Chakula hiki ni kingi mno. Punguza."

Mbuke aliona aibu. Kumbe ni mlafi namna hii! Akala kidogo, akanawa.

Kesho yake uso ukanuna tena. Mbuke akadhani simu bado inakumbuka ulafi wa jana, akapunguza zaidi. Siku iliyofuata, nyekundu. Akapunguza tena. Hakupunguza jioni tu. Hata michembe ya asubuhi akaanza kuwaachia mapacha, ambao hawakuuliza swali lolote.

Mama aliuliza. "Mbuke, mbona unanawa mapema hivi? Unaumwa?"

"Hapana, mama. Nimeshiba. Leo shuleni makande yalikuwa mengi."

Huo ulikuwa uongo. Tumbo lilikuwa likinguruma hadi Doto akageuka kumtazama. Lakini Mbuke alikuwa ameapa, na kijani cha jioni kilikuwa hakijaja.

Wiki mbili zikapita hivyo. Darasani macho yalimlegea, na uwanjani wasichana aliozoea kuwaacha nyuma walianza kumpita. Kila alipopitwa, alijiambia kwamba dawa ni kukaza zaidi. Jumatano moja, kwenye mzunguko wa pili, miguu ilikataa. Aliona uwanja unazunguka, akaanguka.

Mwalimu Stanslaus alimnywesha maji kivulini, akampigia mama yake simu. "Ijumaa ya wiki ijayo nachagua timu," alimwambia Mbuke taratibu. "Nakutaka sana. Lakini mtoto anayeanguka siwezi kumpeleka. Nikimpeleka, nitakuwa sijampenda."

Mbuke alilia pale pale, bila kujali nani anamtazama.

Mama alikuja, wakaenda zahanati wote watatu. Tabibu alimpima, akauliza maswali, akapima tena.

"Hana malaria," alisema. "Mama, mtoto huyu ana njaa."

"Njaa?" Mama alishika kiuno. "Nyumbani kwangu? Daktari, ugali ninaousonga mimi! Hebu pima tena!"

Tabibu alitabasamu, lakini hakupima. Mama akamgeukia binti yake, na Mbuke alipoona machozi yanamlengalenga mama yake, hakuweza kuficha tena. Alisema yote: kiapo, uso mwekundu, na yale makande ya uongo.

Jioni hiyo Ritha alifunga duka mapema. Mwalimu Stanslaus naye alipita kumjulia hali mgonjwa. Ritha alifungua ile simu yenye ufa, akaangalia picha moja baada ya nyingine.

"Mbuke, huu mkono hapa pembeni ni wa nani?"

"Wa Doto. Hangoji."

"Na huu?"

"Wa Kulwa."

"Na huu wenye bangili?"

"Wa mama."

Ritha alishika kichwa. "Mdogo wangu! Mimi hupiga picha bakuli langu, nakula peke yangu. Wewe umepiga picha sahani ya watu wanne, simu ikadhani unaimaliza mwenyewe!"

"Kwa hiyo hata ningelala na njaa kabisa..." Mbuke alianza.

"Ingenuna vile vile. Picha ni ya sahani, na sahani ilikuwa imejaa."

Kisha Mama akaanza kucheka, Mwalimu akacheka, na mwisho Mbuke mwenyewe akacheka huku akifuta machozi.

Tangu usiku huo Mbuke alikula. Alikula michembe, dagaa na nsansa, na chipsi hakurudia. Alifanya mazoezi mepesi kwanza, kama tabibu alivyoagiza, kisha akaongeza. Ijumaa ilipofika, katika mbio za kuchagua timu, hakuwa wa kwanza, wala wa pili. Kwenye mita za mwisho msichana mmoja alikuwa sambamba naye, bega kwa bega. Mbuke alikaza meno, na safari hii miguu ilimwitikia. Alikuwa wa tatu. Mwalimu Stanslaus alitaja jina lake, na mwalimu yule asiyecheka hovyo alionyesha meno yote.

Jioni hiyo Mama alisonga ugali mkubwa. Mbuke alipakua fungu lake kwenye kisahani, akapiga picha, kisha akalirudisha kwenye sahani kubwa, maana kula peke yako mbele ya wenzako si tabia njema.

"Mwanangu," Mama alisema, "mficha maradhi kilio humfichua. Ile simu ni nzuri, imekuachisha soda. Lakini inajua kile tu ulichoionyesha. Mimi nilikuuliza kwa mdomo wangu, ukanidanganya. Siku nyingine jambo likikushinda, niambie mimi kwanza. Bidii ni yako, lakini usiibebe peke yako."

"Nimesikia, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Kula."

Pembeni ya mkeka, kioo chenye ufa kiliwaka rangi ya kijani. Doto ndiye aliyeuona ule uso ukitabasamu. Mbuke hakugeuka kuutazama, kwa sababu mkono wake ulikuwa tayari kwenye ugali, pamoja na mikono mingine mitatu.