Mashine ya Mvua ya Ndalahwa

Baba yangu mzazi alikuwa amebeba debe la maji kichwani.

Mzee wa kanisa, na koti lake la Jumapili mwilini... maji yanamchuruzika mpaka kwenye viatu.

Na upande wa mbele wa nyumba, mume wangu amekaa barazani, maji hayohayo yanamnyunyizia, anacheka na wageni.

Nyie wa humu mnaoandika kila siku habari za waume zenu, leo mpisheni bibi yenu naye aseme. Aibu ile mpaka leo nikiikumbuka nainamisha kichwa, hata nikiwa peke yangu.

Ilikuwa mwaka 1976. Mimi naitwa Tusekile, Mnyakyusa wa Rungwe, kwetu milimani kwenye ukungu na baridi. Nikaolewa na Msukuma, Ndalahwa, tukakaa Usangu, njia ya Madibira. Tulionana Mwanjelwa sokoni, yeye kaleta ng'ombe, mimi nauza ndizi.

Baba hakuipenda ndoa ile. Siku ya kuniaga alisema mbele za watu, "Huko bondeni mwanangu atakauka kama dagaa."

Lile neno lilimkaa Ndalahwa moyoni.

Basi baba akatuma salamu kwamba mwezi wa kumi anakuja kuniona. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, imeshakuwa kubwa. Alisema wazi kabisa, akikuta nateseka anarudi na mimi.

Sasa mwezi wa kumi Usangu msiuulize. Upepo ukikupiga ni kama umefunua chungu cha kande.

Siku moja Ndalahwa akaja na mpira mrefu wa maji begani.

"Tuse, baba yako atakaa kwangu kama yuko Rungwe."

Alikuwa ameona kitu hicho kwa mtaalamu mmoja wa umwagiliaji. Baraza limezungushiwa bomba linatema manyunyu, watu wamekaa chini yake wamepoa. Naye akautoboatoboa mpira wake kwa sindano ya kushonea magunia, akaufunga kwenye ukingo wa paa la baraza. Nyuma ya nyumba akapandisha pipa juu ya magogo. Maji yanashuka kwenye mpira, yanatoka rasharasha, upepo ukipita hapo unapoa. Sidanganyi, ilikuwa raha.

Shida ni moja tu. Kwa mtaalamu kulikuwa na pampu.

Kwetu pampu ilikuwa mimi.

"Nichote mfululizo, na tumbo hili?"

"Siku moja tu, mke wangu. Usiniaibishe."

"Na ng'ombe wa mkokoteni je?"

"Wale nawapumzisha. Mvua zikianza wanalima."

Nikakubali. Na mimi niliogopa kurudishwa kwetu na tumbo, watu wakanicheka.

Baba akafika, amechoka, uso umemwiva kwa joto. Ndalahwa akamkalisha barazani pamoja na jirani yetu Mzee Malimi na wazee wengine, akafungulia maji. Hapo sasa akaanza kujimwambafai, kama mnavyosema siku hizi.

"Hii ni mashine, baba."

"Ndaga, mkwe wangu. Nakushukuru. Tusekile yuko wapi?"

"Anapika."

Anapika wapi! Nilikuwa njiani kutoka mferejini, debe kichwani, tope mpaka magotini. Pipa likiisha, mvua inakatika. Nikimimina, inarudi.

"Mbona mvua yako inasimama?" baba akauliza.

"Mashine inapumua, baba."

Nikabadilisha khanga haraka, nikapeleka chakula. Nikapiga magoti nimnawishe baba mikono.

"Mugonile, tata."

Baba hakuitikia salamu. Alikuwa anatazama nywele zangu.

"Mwanangu, umepika na nini hata kichwa kikalowa?"

"Jasho, tata."

Niliinamisha uso. Kumdanganya baba yangu huku nimeshika maji yake ya kunawa... nilitamani ardhi inimeze.

Nikarudi nyuma, nikabeba debe tena. Nikiwa nalipandisha kwenye pipa nikasikia mtu analipokea. Ni baba. Alikuwa amewaaga wenzake kwamba anakwenda kujisaidia.

Akamimina, akashusha debe tupu.

"Kaa chini."

"Tata, watakuona."

"Kaa, mwanangu."

Akashika njia ya mferejini. Nikakaa pale kwenye tope, nalia, namwangalia baba yangu anavyorudi na maji kichwani, kazi ambayo mwanaume wa kwetu hakuonekana nayo.

Barazani mvua ikaanza tena.

"Mnaona? Imeamka," Ndalahwa akasema.

Mzee Malimi alikuwa amekaa pembeni, anaona mpaka nyuma. Akasema polepole:

"Ndalahwa, mashine yako imevaa koti la mkweo."

Kicheko kikakatika. Kwa Wasukuma, na kwetu pia, mkwe unamheshimu kuliko baba yako. Ndalahwa alikuja mbio, akaona, akapiga magoti kwenye tope.

Baba akawatazama ng'ombe wa mkokoteni waliolala kivulini, akamuuliza kitu kimoja tu.

"Ng'ombe wako wamepumzika vizuri?"

Kesho yake niliondoka na baba. Ndalahwa alisimama mlangoni, macho chini. Ndani ya lori baba alimsimulia kila abiria: mwanaume gani huyo anapoa kwa mgongo wa mke wake? Mimi nimejifunika khanga usoni.

Tukafika nyumbani Rungwe. Nyumba yetu iko juu mgongoni mwa kilima, mto uko chini bondeni. Baba akaketi, akamweleza mama kila kitu kwa hasira, huku ameshika sabuni anangoja maji ya kuoga.

Mama, Yudith jina lake, ndiyo kwanza alikuwa anatua debe, anahema.

"Maskini Ndalahwa," mama akasema.

"Maskini? Yule?"

"Yeye amekamatwa siku ya kwanza tu. Wewe haya maji yako ya kuoga, miaka yote hii, ulidhani yanatoka kwenye mashine gani?"

Baba akaiweka sabuni chini. Siku ile hakuoga.

Alfajiri debe halikuwepo. Baba akarudi kwa kupitia katikati ya migomba ili majirani wasimwone, nusu ya maji imemwagikia kwenye koti. Akalitua mbele ya mama, akashindwa kumtazama usoni. Na mimi niligeukia ukutani, maana aibu ya baba ilinichoma kuliko ile ya mume wangu.

Mtoto alipozaliwa, Ndalahwa alikuja kunichukua. Alisema sasa ng'ombe ndio wanaovuta maji. Aliyempokea ni baba, na hakuwa na swali hata moja la kumuuliza.

Wanangu, ukijikuta mahali umepoa vizuri, inuka uzunguke nyuma ya nyumba uone nani amelowa. Na kabla hujazunguka nyumba ya mwenzio, anza na yako.