Maziwa ya Mpaka Rangi

Kila siku, kengele ya shule ya misheni ilipolia mchana, wenzake Limi walibaki uwanjani kucheza rede. Yeye alikwenda nyumbani mbio, akala michembe yake ya viazi vikavu akiwa amesimama, akapokea kibuyu cha maziwa kutoka kwa mama yake, Nyamizi, kisha akashika njia ya kambi ya jeshi, alikofanya kazi baba yake.

Ulikuwa mwaka 1943, vita vya dunia vikiendelea. Mjini Shinyanga, karibu na reli, jeshi lilikuwa na karakana ya malori. Malori yaliletwa yakiwa na kutu na mikwaruzo, yakanyooshwa, yakapakwa rangi ya kijani, kisha yakapandishwa kwenye treni. Baba yake Limi, Ngassa, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, lakini hakubeba bunduki. Alibeba bomba la kupulizia rangi, na pale karakana hakuna aliyemfikia kwa kupaka lori zima bila kuacha mchirizi hata mmoja.

Kazi hiyo ilikuwa na vifaa vyake: ovaroli, glavu, miwani, na kinyago cha mpira cha kufunika pua na mdomo, chenye vikopo viwili vya kuchujia hewa. Amri ilikuwa wazi: hakuna kupuliza rangi bila kinyago. Ngassa alikitundika chake kwenye msumari. Banda lilikuwa la mabati, na jua la Shinyanga mnalijua. Mtu akivaa mpira usoni saa nane mchana, jasho humjaa mpaka kidevuni. Isitoshe, yeye na mwenzake Mageni walikuwa na dawa yao. Wote wawili walikulia machungani, na kwao maziwa yalitibu kila kitu. Aliyekula sumu alinyweshwa maziwa, aliyeumwa na nyoka naye alinyweshwa maziwa. Basi mpaka rangi naye akinywa maziwa, rangi yote huoshwa kifuani. Ndivyo walivyoamini, tena kwa moyo wote.

Limi alikuwa na kazi nyingine, ambayo mama yake hakuijua. Akishamimina maziwa kwenye bakuli, aliketi mlangoni mwa banda. Akimwona Sajini Ignas, mkuu wa karakana, anatoka ofisini, aliita, "Baba, njoo unywe." Hapo Ngassa na Mageni walivaa vinyago haraka, na Sajini akifika anakuta mambo yako sawa.

"Mtoto wangu ana macho ya mwewe," Ngassa alizoea kusema.

Limi alifurahi sana. Mtoto gani hafurahi kusifiwa na baba yake? Mimi simlaumu. Lakini jambo lenyewe lilikuwa baya tangu siku ya kwanza, na moyoni mwake Limi alilijua hivyo.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Ngassa alianza kukohoa. Kichwa kilimuuma kila alipotoka kazini, na akitembea alishika ukuta. Ugali aliusukuma kando, akasema kinywa chake kina ladha ya jembe. Asubuhi moja Limi alimwona akitema mate nyuma ya nyumba. Yalikuwa ya kijani. Ngassa aliyafukia kwa mguu, akageuka, akamwona binti yake.

"Usimwambie mama yako," alisema. "Ni vumbi tu."

Limi hakusema. Lakini Nyamizi hakuwa kipofu.

"Mwangaluka, Baba Limi," alimwamkia mumewe siku hiyo hiyo, na Ngassa akashindwa kuitikia kwa kikohozi. Nyamizi aliweka chini ufagio wake. "Kikohozi hiki si cha bure. Kuna mtu ameona kijicho juu ya tepe lako la cheo. Nitakwenda kwa mfumu apige ramli, aniambie ni nani."

Kwa kweli alikuwa ameshamchagua mtu huyo. Alikuwa jirani yao Eufrasia, mjane mpole waliyekuwa wakitwanga naye mtama kila wiki. Nyamizi aliacha kuitikia salamu zake. Limi alimwona Eufrasia amesimama njiani na ndoo kichwani, salamu yake imeachwa hewani, asijue amekosa nini. Limi aliona aibu mpaka akashindwa kumtazama. Alijua kikohozi cha baba yake kinatoka wapi. Lakini kusema kungekuwa kumchongea baba, naye alinyamaza.

Ijumaa moja palikuwa na malori manane ya kumaliza kabla ya treni. Limi alipofika alikuta mlango umefungwa nusu kwa sababu ya upepo, na ndani ukungu wa kijani umetanda. Alimimina maziwa. Ngassa alikuja, akanywa, akarudi kazini. Akaja tena, akanywa, akarudi. Mara ya tatu hakufika kwenye bakuli. Alishika madigadi ya lori, akaanguka chali. Bomba la rangi liliendelea kupuliza chini, likipaka sakafu.

Limi alikimbia moja kwa moja ofisini kwa Sajini Ignas, mtu yule yule ambaye miezi yote ile yeye Limi alikuwa akikaa mlangoni kumvizia.

Zahanati ya kambi ilikuwa chini ya dresa Pantaleo, Mhaya mmoja asiye na maneno mengi. Alimsikiliza Ngassa kifua, akamtazama ufizi, akamkunjua vidole. Sajini Ignas alisimama miguuni pa kitanda. Nyamizi, aliyekuwa ameitwa, alisimama ukutani na binti yake.

"Unavaa kinyago chako?" Pantaleo aliuliza.

"Navaa, bwana," Ngassa alijibu kwa sauti ndogo.

"Kila siku?"

"Kila siku."

Pantaleo alimgeukia Sajini. "Kama anavaa, basi nitafute ugonjwa mwingine. Nina wasiwasi na kifua kikuu. Apelekwe Tabora, atengwe, mke na mtoto wasimsogelee. Wakiona hana, watamrudisha kwako aendelee na kazi."

Nyamizi alijiziba mdomo kwa kanga. "Nilisema," alinong'ona. "Ni Eufrasia."

Limi alimtazama baba yake, na baba yake akamtazama. Ngassa alitikisa kichwa kidogo sana, kiasi kwamba ni wao wawili tu waliojua. Kumkanusha baba mbele ya wageni lilikuwa jambo ambalo Limi hakuwahi kuona mtoto akilifanya, na hapa alikuwapo hata mkubwa wa kazi wa baba yake. Lakini maneno ya dresa yalikuwa yamemwingia: watamrudisha aendelee na kazi. Akilini alimwona tena baba yake ameanguka pale chini. Alisogea mbele.

"Baba havai kinyago," alisema. "Hukivaa Sajini akija tu. Mimi ndiye ninayekaa mlangoni kumwambia." Kisha akaongeza, kama anayemtetea, "Lakini anakunywa maziwa. Yanaosha kifua."

Pantaleo hakucheka. Alichutama mbele ya Limi.

"Umewahi kuona mbuzi akichinjwa?"

"Ndiyo."

"Shingoni kuna mirija mingapi?"

"Miwili. Mmoja mgumu una pete, mwingine laini."

"Ule mgumu unakwenda wapi?"

"Kwenye mapafu."

"Na ule laini?"

"Tumboni."

"Maziwa anayokunywa baba yako yanapita wapi?"

Limi alifikiri. "Kwenye ule laini."

"Na rangi anayoivuta?"

"Kwenye ule mgumu," Limi alisema, machozi yakimtoka. Kitandani, Ngassa, ambaye alikuwa amechinja mbuzi wengi kuliko wote waliokuwamo, alifumba macho.

Pantaleo alimtuma Mageni, aliyekuwa akisubiri mlangoni, alete bakuli la maziwa kutoka bandani. Lilipofika, wote waliinama. Juu ya maziwa palikuwa na utando mwembamba wa kijani.

"Rangi hii ina madini ya risasi, na hayo ni sumu," dresa alisema. "Mlikuwa mnaivuta, kisha mnainywa."

Mageni aliliweka bakuli chini taratibu, akatoka nje, wakamsikia akitapika.

Sajini Ignas aligeuka akatazama dirishani. "Hata mimi nina kosa," alisema mwishowe. "Sikuona jasho ndani ya kinyago kile hata siku moja. Nilikuwa na haraka ya treni, sikutaka kuuliza."

Ngassa alilala zahanati majuma matano. Alivuliwa tepe lake kwa kuvunja amri, na hakulalamika. Bandani mambo yalibadilika. Ukuta ulitobolewa pande mbili ili hewa ipite, rangi ikapulizwa asubuhi kabla ya jua kali, vichujio vya vinyago vikawa vinabadilishwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuingiza chakula wala kinywaji mle ndani. Kabla ya kula, kila mtu alinawa mikono mpaka viwiko. Nyamizi naye alikwenda kwa Eufrasia, akapiga magoti na kuomba radhi. Eufrasia alimsamehe, ingawa alilia kwanza.

Ngassa aliporudi nyumbani, pumzi yake haikurudi yote. Ndama akitoroka, wengine ndio waliomkimbiza. Limi alimhudumia kwa kila kitu lakini hakuthubutu kumtazama usoni, kwa maana tangu siku ile baba yake hakuwa amemsemesha. Siku ya tatu Ngassa alimwita.

"Ulinisema mbele ya mkubwa wangu."

"Ndiyo, Baba."

"Nilikasirika. Nililala pale nikiwaza aibu yangu. Kisha dresa akaniambia kwamba mwezi mmoja zaidi mle bandani, mngenizika." Alivuta pumzi kwa shida. "Sikiliza, ng'wana wane, mwanangu. Nilikupa kazi ambayo mzazi hampi mtoto wake, unisamehe. Kuniheshimu ni kuniamkia, ni kunipokea mzigo, ni kunisikia ninapokutuma jambo jema. Kunifichia kitu kitakachoniua siyo heshima. Siku nyingine ukimwona mtu anajiangamiza, hata akiwa mkubwa kiasi gani, mwambie anayeweza kumsaidia. Acha akasirike. Atakasirika akiwa hai."

Limi aliinama. "Bado umekasirika, Baba?"

"Kidogo," alisema Ngassa, akasogea kwenye mkeka ili binti yake apate pa kukaa.