Kwa Nini Kompyuta Inazima Katikati?

Nyumbani kwetu kila kitu kimevaa. Redio ina kitambaa. Friji lina kitambaa. Hata makochi yamevaa kunishinda mimi. Vitambaa hivyo anavifuma mama mkwe wangu kwa uzi mweupe, na vinapendeza kweli. Ole wako ukivisogeza bila ruhusa yake.

Siku hizo nilikuwa mjamzito. Mama alikuwa anamfumia mjukuu wake shali yenye ua la pekee, alilofundishwa na mama yake mzazi. Maelezo ya ua hilo ni marefu, huwezi kuyashika yote kichwani. Nilikuwa nimeyachapa kwenye kompyuta. Tatizo lilikuwa macho ya Mama. Miwani anayo, lakini maandishi yalikuwa yanamkimbia.

Jioni moja nilirudi kutoka saluni, nikamkuta anafumua kazi aliyoifuma mchana kutwa.

"Nimekosea tena, mwanangu," akasema.

"Si ungenisubiri nikusomee, Mama?"

"Nitawasubiri watu mpaka lini? Nikishindwa shali hii, sindano naiweka chini. Sifumi tena."

Roho iliniuma. Mama bila sindano mkononi? Mtu huyo simjui.

Mume wangu ni seremala. Mtaani wanamwita Najua, maana ukimwambia lolote hujibu, "Najua." Alisikia kuna mfumo mpya wa kompyuta unaosoma maandishi kwa sauti. Mfumo ndio unaoiendesha kompyuta. Bila mfumo, kompyuta ni boksi tu. Wa kwetu ulikuwa wa zamani, hausomi chochote.

"Nitaweka mfumo mpya mwenyewe," akasema.

"Unajua namna ya kuuweka?"

"Najua."

Kesho yake jioni akachomeka flashi yenye mfumo mpya. Kwenye skrini namba zikaanza kupanda. Tukakaa tunaziangalia. Mara, pu! Skrini nyeusi. Akaanza upya. Ikazima tena. Safari hii akabadilisha flashi, akabadilisha waya, akahamisha plagi, vyote kwa mpigo. Ikazima mapema zaidi.

"Flashi mbovu," akasema.

"Si umeshaibadilisha?"

"Basi ni umeme."

"Mbona taa inawaka?"

Akainama kuchungulia plagi. Nami nikaenda kumwita jirani yetu, anayefundisha kompyuta shuleni.

"Shikamoo, Mama," mwalimu akasema alipoingia.

"Marahaba, karibu. Njoo uiokoe kompyuta kabla mwanangu hajaipiga randa."

Mwalimu akauliza kwanza, "Kazi zenu mmezinakili mahali pengine? Kuweka mfumo kunaweza kufuta kila kitu."

Najua akakuna kichwa. Nikatoa flashi nyingine kwenye mkoba wangu. Nilikuwa nimenakili kila kitu tangu asubuhi. Mume wangu namfahamu.

"Vizuri. Sasa, inazimia pale pale, au kila mara mahali tofauti?"

"Na... sikuangalia," Najua akasema.

"Hapo ndipo pa kuanzia. Ikizimia pale pale, kwanza tushuku flashi. Huenda kilichomo kimeharibika. Ikizimia mahali tofauti, tushuku joto, umeme, au kifaa cha ndani."

Mama akacheka kwenye kiti chake. Alikuwa anafuma maua ya kawaida, yale ambayo vidole vyake vinayajua bila macho.

"Niulizeni mimi," akasema. "Mara ya kwanza nilifuma ua zima ndipo ikazima. Mara ya pili nilifika nusu. Mara ya tatu hata robo sikufika, nikamsikia mwanangu anaguna."

"Na katikati aliipumzisha?"

"Thubutu! Huyu apumzishe kitu?"

Macho ya mwalimu yakang'aa. "Mama, umetusaidia sana. Haya, niambieni. Kwa nini kila mara inazima mapema zaidi?"

Tukafikiri. Nikasema, "Labda inachoka."

"Kompyuta haichoki. Ila kuna kitu kinachoongezeka isipopumzika. Iguseni."

Mama akaweka kiganja juu ya boksi. "Mh! Ina homa hii!"

"Lakini mbona siku zote haizimi?" Najua akauliza. Nilimtazama. Kumbe na yeye huuliza!

"Siku zote mnaandika barua na kuangalia picha. Kuweka mfumo ni kazi nzito, kwa hiyo joto linapanda. Ndani kuna feni, na nyuma kuna matundu ya kutolea hewa ya moto. Joto likizidi, kompyuta inajizima yenyewe isije ikaungua."

Wote tukachungulia nyuma ya boksi. Lahaula! Kitambaa kilikuwa kimening'inia mpaka chini na pindo lake zuri. Tundu hata moja halikuonekana.

Sasa nani amwambie Mama? Mimi nikaangalia dari. Najua akaangalia viatu vyake. Mwalimu akakohoa.

"Mbona mmekuwa mabubu?" Mama akauliza. Akapitisha vidole nyuma ya boksi, polepole, mpaka akayagusa matundu chini ya pindo. "Ala! Kumbe mimi ndiye niliyeiziba pumzi!"

Akakivua kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Najua akaruka kutafuta waya mwingine.

"Tulia," mwalimu akamzuia. "Badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu. Ukibadilisha vitatu pamoja, utajuaje kipi kimesaidia?"

Tukaiacha ipoe, sisi tukanywa chai. Kisha tukaanza upya kwa flashi ile ile. Mama akaanza ua. Likaisha. Akaanza la pili, likakaribia kwisha. Pu!

"Basi tena," Najua akasema kwa unyonge.

"Hapana, hii ni habari njema! Imefika mbali kuliko mara zote. Joto ndilo tatizo, ila bado kuna kitu kingine kinachozuia hewa."

Mwalimu akazima kila kitu, akachomoa plagi ukutani, akangoja boksi lipoe. Akafungua ubavu wa boksi na kugusa chuma chake kitupu. "Miili yetu huwa na umeme kidogo," akaeleza. "Unaweza kuua vifaa vya ndani. Chuma kinauondoa."

Ndani, feni ilikuwa imejaa vumbi na manyoya meupe ya uzi.

"Yaani ilikuwa inajifumia sweta!" Mama akasema. Tulicheka mpaka mtoto akanipiga teke tumboni.

Najua akapewa brashi laini na kavu. Akaishika feni kwa kidole isizunguke, akaisafisha taratibu kama anavyofuta vumbi kwenye mbao. Tukafunga, tukawasha, flashi ile ile.

Ua la kwanza likaisha. La pili likaisha. La tatu, Mama akaacha kufuma, sindano imesimama hewani. Namba zikapanda mpaka mwisho, na skrini ikawaka. Nilishangilia peke yangu kama watu kumi.

Mwalimu akafungua maelezo ya ua. Sauti ikatoka kwenye kompyuta: "Vitanzi vitano. Ruka viwili."

Mama akashtuka. "Ngoja basi, una haraka gani?"

Mwalimu akaipunguza mwendo. Najua akavuta kiti karibu naye. "Sauti hiyo inatoka wapi? Na hapa umebonyeza nini? Kwa nini?" Alimchosha mwalimu wa watu.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka saluni, nikamsikia Mama anabishana na kompyuta. Nikaingia. Alikuwa anafumua. Moyo ukanipasuka.

"Umekosea tena, Mama?"

"Nani amekosea? Ua nimelimaliza, litazame." Akainua shali. Kweli, ua lilikuwa zima, limetulia. "Uzi wa pindo ndio umenipungukia."

Ndipo nikakitambua anachokifumua. Ni kile kitambaa cha kompyuta.

"Hiki kimelivisha boksi vya kutosha," akasema, huku anakunja uzi. "Sasa kimvishe mtu."

Mwanangu alitoka hospitali amefunikwa shali hiyo. Nyumbani kwetu kila kitu bado kimevaa, isipokuwa kompyuta.