Niliweka Unga wa Mbao Kwa Difu, Halafu Bibi Yangu Akapanda Hiyo Gari

Niliona mkono wa bibi yangu ukinipungia kutoka dirisha ya pikapu ya bluu, na nikajua nimemuua.

Spana iliniponyoka ikaniangukia kidole cha mguu. Sikusikia kitu.

Elsie alikuwa na mimba ya miezi tisa. Uchungu ulikuwa umemshika hiyo asubuhi, na jirani yetu Mzee Barre alikuwa anamkimbiza hospitali ya Kajiado na gari yake. Gari ambayo mimi mwenyewe nilimuuzia wiki tano zilizopita.

Na ni mimi peke yangu, Kitengela nzima, nilijua nimeweka nini ndani ya hiyo gari...

"Barre! Simama!"

Nilikimbia katikati ya barabara ya Namanga na ovaroli na patipati moja. Barre akaniona kwa kioo, akapiga honi mara mbili kama kawaida yake, akakanyaga moto. Wakapotea.

Watu walisimama wakanicheka. Walidhani ni furaha ya kuitwa baba.

Wacha niwaambie hii maneno kutoka mwanzo. Mkimaliza kusoma mnitukane, nimekubali.

Naitwa Wasike, fundi wa magari. Mwaka ni 1998. Mvua ya El Nino ilikuwa imetoka kutumaliza, wale mlikuwa wakubwa mnakumbuka. Barabara zilikatika, mito ilihamia kwa mashamba, na mimi na hiyo pikapu yangu tulivuka maji miezi mitano mfululizo. Mengine yalifika kwa mlango.

Sasa kuna kitu inaitwa difu. Ni ile kichwa ya chuma iko katikati ya magurudumu ya nyuma, ndio inayazungusha. Ndani kuna meno ya chuma na beringi, na kitu pekee kinazuia hayo meno yasilane ni mafuta. Difu ikiwa moto halafu uiingize kwa maji baridi, inavuta maji ndani. Mafuta yanaharibika na wewe huna habari.

Mimi nilijua hiyo yote! Kila siku nilikuwa nawafokea wateja: leteni gari, tumwage mafuta ya difu, tumwage ya giaboksi, mmevuka maji nyinyi. Waliokuja niliwafanyia kazi safi kabisa.

Yangu je? Yangu nilisema wiki ijayo. Miezi mitano nasema wiki ijayo.

Mwezi wa tano ikaanza kulia. Ukifika sitini unaskia kisauti chembamba huko nyuma, wuuuuu... Nikaingia chini, nikafungua nati. Mafuta yalitoka rangi ya chai ya maziwa. Na ile sumaku ya nati ilikuwa imebeba vipande vya chuma, vingine saizi ya kucha.

Nilikaa hapo chini muda mrefu. Difu ilikuwa imeisha, na ni mimi niliimaliza.

Sasa hapa ndio nilifanya ule ujinga.

Jirani wa gereji yangu alikuwa seremala. Nikaenda nikachota unga wa mbao, ule laini wa msumeno. Nikachanganya na grisi na mafuta mazito, nikashindilia ndani ya difu, nikafunga. Mabroka wanaijua hiyo mchezo. Kelele inaisha kabisa, gari inakuwa kimya utadhani imetoka melini jana.

Lakini fundi yeyote anajua mwisho wake. Ule unga unakunywa mafuta yote. Beringi zinakauka, zinashika moto, na siku moja ukiwa mwendo wa kasi magurudumu ya nyuma yanakwama yote mara moja. Hapo gari inaenda inapotaka yenyewe.

Wiki mbili. Tatu ukiwa na bahati.

Na nikamuuzia nani? Mzee Barre.

Huyu ni mtu wa mbuzi. Alikuwa ananunua Ilbissil na Kajiado, analeta Kitengela. Ploti yake na yangu zilitenganishwa na waya tu. Bibi yake, Mama Ugbad, ndiye alikuwa kama dada ya Elsie hapo mjini. Wakati mimba yetu ya kwanza ilitoka, Mama Ugbad alifua nguo zetu mwezi mzima, na hakuna siku alidai asante. Halafu tukakaa miaka sita bila mtoto. Hii mimba ndio tulikuwa tumeingoja.

Siku ya kununua, Barre alizunguka gari mara moja tu, akanitazama usoni.

"Fundi, mimi najua mbuzi, gari sijui. Difu iko sawa?"

"Endesha mwenyewe, mzee. Ukiskia kelele, niambie."

Mnaona hiyo jibu? Nilijiona mjanja sana, kwa sababu eti sikusema uongo. Nikarudi nyumbani nikipiga mluzi.

Mluzi uliisha kesho yake asubuhi.

Barre alikuwa anapita mbele ya gereji kila siku, na kila siku anapiga honi mara mbili kunisalimia. Piip piip! Mimi naacha kazi, nainua sikio. Inalia? Bado. Wiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Nilianza kukosa hamu ya chakula. Nikisikia lori imefunga breki kule barabarani, natoka mbio kuangalia kama ni yeye. Nilimfungia mteja gurudumu nikasahau nati mbili, akarudi kunigombeza mbele ya watu.

Elsie aliniuliza kama niko na shida. Nikamwambia ni malaria.

Mara nne nilitoka niende kwa Barre nimwambie. Mara nne nilifika kwa waya nikarudi. Siku moja alinikuta hapo nimesimama tu, akaniuliza kama kuna kitu nataka kusema. Nikamuuliza bei ya mbuzi.

Wiki ya tatu ikapita. Ya nne. Gari bado kimya! Hapo sasa ndio nilichanganyikiwa kabisa, kwa sababu hiyo difu ilifaa kuwa imekufa kitambo. Kila siku iliyoongezeka niliona ile siku yenyewe inakaribia.

Na siku yenyewe ikaja na bibi yangu ndani.

Sikuwa na simu. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za wakubwa. Gari zilizokuwa kwa gereji zote zilikuwa zimefunguliwa injini. Nilisimama barabarani nikipungia kila kitu hadi lori ya Ndung'u, mtu wa mchanga, ikasimama. Nikaruka ndani na mafuta yangu yote mwilini. Nikamwambia bibi anazaa, twende.

Ndung'u akafurahi. Akaanza kunipa mawaidha ya kulea watoto, mambo ya uji na chanjo, na lori yenyewe inatambaa. Mimi macho yangu yalikuwa kwa mitaro. Kila kona nilikuwa naiona pikapu ya bluu imelala na miguu juu. Kila doa nyeusi kwa lami nilikuwa naona ni mafuta ya difu.

Tukiwa karibu na Isinya, ng'ombe wakaanza kuvuka. Ng'ombe kama mia mbili, na hakuna mmoja alikuwa na haraka. Nikaruka chini nikamwendea mchungaji, mzee mmoja anaitwa Lesiamon ambaye tulijuana kwa sababu ya pampu yake ya maji.

"Sopa, mzee," nikamsalimia Kimaasai. "Umeona pikapu ya bluu?"

"Epa," akaitikia. "Imepita na mbio sana. Kuna mama alikuwa analia ndani."

Mbio sana. Difu ya unga wa mbao, na mtu anaenda mbio sana, kwa sababu anataka kuokoa bibi yangu...

Nililia hapo katikati ya ng'ombe. Sioni aibu kuwaambia. Mzee Lesiamon alinishika bega akanirudisha kwa lori, akadhani nimeogopa uzazi.

Mbele kidogo tukakuta umati kando ya barabara, na gari ya bluu imeingia mtaroni. Nilishuka lori ikiwa bado inatembea. Nikasukuma watu, nikafika.

Ilikuwa gari ndogo ya mtu mwingine kabisa. Mwenyewe alikuwa mzima, ananunuliwa soda.

Tulifika Kajiado saa sita mchana. Pikapu ilikuwa imeegeshwa nje ya hospitali, nzima, chini ya mti. Mzee Barre amekaa nyuma kwa bodi, anakunywa chai kwa kikombe cha chupa. Akaniambia Elsie amejifungua msichana, wote wawili wazima, Mama Ugbad, aliyepanda nao, yuko nao ndani.

Nilikaa kwa changarawe mbele yake na nikasema yote. El Nino, chai ya maziwa, seremala, unga, yote. Nikamwambia asiguse hiyo gari tena, nitairudisha Kitengela nikiivuta kwa mikono.

Barre alimaliza chai yake pole pole. Akashuka, akaingiza mkono nyuma ya kiti, akatoa mkebe wa Kimbo, ule wa mafuta ya kupikia. Akafungua kifuniko, akaniwekea mbele.

Unga wa mbao. Mweusi, umeshikana na grisi, na vipande vya chuma vinang'aa ndani.

"Hii maneno yako nimengoja wiki tano, fundi."

Akanieleza. Kwa biashara yao, mnyama yeyote ukinunua, hata kama unamnunua kwa ndugu yako, haingii zizini siku hiyo. Kwanza anaogeshwa dawa ya kupe, ananyweshwa dawa ya minyoo, ndio anaungana na wengine. Sio kwamba unamshuku aliyekuuzia. Ni desturi tu. Na gari kwake ni mnyama. Siku ile ile nilimpa ufunguo, aliipeleka kwa fundi mwingine, Parsaoti wa hapo Kajiado, akamwambia amwage kila mafuta iko ndani. Injini, giaboksi, difu. Mafuta mapya yaingie.

Difu ilipofunguliwa, Parsaoti alimwita aje aone. Walitoa kila kitu, wakaosha, wakaweka meno mapya na beringi mpya. Wiki tano zote nilizokuwa naumwa na malaria yangu ya uongo, hiyo gari ilikuwa nzima kuliko gari yoyote Kitengela.

Nikamuuliza mbona hakunishtaki. Mbona hakuja na watu wanivunje miguu.

"Nilienda kwako nikaonyesha bibi yako hii mkebe. Yeye ndiye alisema tungoje."

Sikuelewa. Nilimwambia arudie.

Akarudia. Halafu akanionyesha mlango wa wodi kwa kidevu.

Elsie alikuwa amelala na mtoto kifuani. Alinitazama kutoka kichwani hadi kwa ule mguu hauna patipati, umejaa damu na sikuwa nimeona.

"Umekuja na nini?"

"Lori ya mchanga."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akafunga macho. Nikadhani amelala. Kisha akaongea bila kuyafungua, sauti ya chini sana.

"Wiki tano nimekaa na wewe kwa meza moja nikingoja useme. Leo nilipoona gereji nilikupungia mkono kwa makusudi. Nilitaka nione kama utakimbia ama utaangalia tu."

"Elsie..."

"Ungeangalia tu, Wasike, ningetoka hapa na mtoto niende kwetu Webuye, na hungetuona tena."

Watu wangu, nimefungua injini nyingi maishani. Sijawahi kufunguliwa mimi hivyo.

Barre hakutaka nimlipe. Alitaka kitu kimoja: hiyo pikapu isiguswe na fundi mwingine tena, iwe mimi tu. Nilidhani ananihurumia. Baadaye ndio nilielewa kwamba kila miezi sita alikuwa ananilazimisha nilale chini ya hiyo difu, nifungue ile nati, na niangalie. Nilimwaga mafuta ya difu na ya giaboksi kila miezi sita, na kila mara ikivuka maji nilimwaga hata kama ni jana tu niliweka. Hiyo gari ilibeba mbuzi hadi mwaka wa 2009. Siku anaiuza, ilikuwa bado kimya.

Kwa hivyo wewe unayesoma hii na gari yako iko hapo nje, mafuta ya injini najua unabadilisha. Difu ulifungua lini? Giaboksi je? Mvua ya juzi ulivuka wapi? Usiniambie wiki ijayo. Mimi wiki ijayo naijua, ilinifikisha Isinya nikilia katikati ya ng'ombe.

Ule mkebe Barre aliniachia, na uko hadi leo kwa rafu ya gereji, juu ya mashine ya kuchomelea. Yule msichana tulimwita Ugbad, na watu hawaishi kushangaa Mbukusu kama sisi anaitwa Ugbad, jina la Kisomali, kwa nini. Sasa ako na gari yake, na service naifanya mimi.

Leo asubuhi ameileta. Nikaingia chini, nikamwaga ya difu, nikaweka mpya, nikafunga. Nikiwa nanawa mikono akauliza, kama anavyouliza tangu utotoni, huo mkebe ni wa nini. Miaka yote nimekuwa nikimdanganya eti ni wa misumari.

Leo nilimwambia. Yote.

Alichukua spana mezani, akalala chini ya gari yake na nguo yake safi ya kazini, akafungua ile nati ya juu ya kujazia niliyokuwa nimetoka kufunga. Akaingiza kidole, akaangalia mafuta kwa mwanga.

Yalikuwa safi. Akafunga, akatoka, akanipa spana.

Sikukasirika. Nilimpa kitambaa ajipanguse mikono.