Kachero na Mwanga Asiouona

Kila alipotoka shuleni, Kachero alifanya kazi zake kwa mpangilio uleule. Alivua sare akaitundika msumarini, akafagia ua, akajaza maji kwenye pipa, kisha akabandika chai na kukaa kizingitini kumsubiri mama yake. Alikuwa darasa la sita. Jina la Kachero alipewa na mama yake mdogo, kwa sababu tangu utotoni hakumeza neno la mtu bila kulitafuna kwanza. Akiambiwa dawa ni tamu, alimtaka anayemwambia ainywe yeye kwanza.

Siku hizo alikuwa na kesi mpya, na mshukiwa alikuwa mama yake mzazi.

Zamani mama alishona sare za shule barazani. Kisha chuo cha ufundi kilitangaza mafunzo mapya ya kuunganisha faiba, yaani nyuzi za kioo zinazosafirisha simu na intaneti kwa njia ya mwanga. Serikali ilinunua vifaa, kampuni ya mawasiliano ikaleta mkufunzi na kuahidi kuwaajiri watakaofaulu, na chuo kikatoa chumba. Elimu hiyo ya kuutumikisha mwanga iliitwa fotoniki, na Kachero alilishuku hata jina lenyewe. Mama alichaguliwa kwa sababu mikono yake haikutetemeka. Akamwachia mama mdogo cherehani pamoja na wateja wote, akaanza chuo kwa moyo mmoja.

Tangu hapo mambo yalibadilika. Mama, aliyezoea kumkumbatia kila jioni, sasa akifika alinyoosha mkono kumzuia.

"Ngoja kwanza, usiniguse."

Alizunguka nyuma ya nyumba, akavua koti la kazi, akalikung'uta mbali na mlango na kunawa mikono hadi viwiko. Koti hilo lilifuliwa peke yake. Kachero alimchungulia dirishani, moyo ukimuuma.

"Unaficha nini, mama?" aliuliza siku moja.

"Nifiche nini mimi? Ni vipande vya kioo. Vyembamba kama unywele. Kikikuingia kwenye ngozi, hukioni."

"Na huo mwanga unaopita humo, una rangi gani?"

"Hauna rangi. Hauonekani."

"Na mshahara wenyewe?"

"Huo utaonekana," mama akasema, akaangua kicheko.

Kachero hakucheka. Kioo hakionekani, mwanga hauonekani. Kwake yeye, hayo yalikuwa maneno ya mtu anayetapeliwa, na mama yake hakustahili kutapeliwa.

Jumamosi moja chuo kilikaribisha familia za wanafunzi, na Kachero alikwenda akiwa amefumbua macho yote mawili. Chumba kilikuwa safi kupita kiasi. Meza zilitandikwa mikeka myeusi ya mpira ili kipande cha kioo kikianguka kionekane. Kila meza ilikuwa na kopo lenye mfuniko la kutupia mabaki, na hakuna aliyeruhusiwa kula wala kunywa humo. Mama alimenya uzi wake, akaufuta kwa pombe ya kusafishia, akaukata ncha, kisha akaulaza kwenye mashine ndogo iliyoziyeyusha ncha mbili zikawa uzi mmoja. Alifanya hivyo akiwa amebana midomo, kama zamani alipotunga uzi kwenye sindano.

Mkufunzi, dada mmoja mrefu mwenye sauti ya upole, alibonyeza swichi kwenye kisanduku cha kijivu. "Sasa mwanga unapita," akasema.

Wanafunzi wote wakatikisa vichwa kukubali. Kachero alikodoa macho. Hakuna kilichowaka. Hata cheche. Watu wazima wazima walikuwa wanakubaliana na kitu ambacho hakipo, tena kwa nyuso za furaha!

Alipotumwa dukani jioni ile, hakuweza kujizuia. Mwenye duka aliitwa Bwana Uhakika, kwa kuwa kila alilosema alilianza kwa "nina uhakika", hasa pale asipokuwa nao.

"Eti wana mashine ya mwanga," Kachero alimwambia. "Nimekaa pale asubuhi nzima. Haiwaki!"

Bwana Uhakika aliweka sabuni chini. "Rudia tena."

Kachero akarudia, na safari hii aliongeza chumvi kidogo. Ilikuwa tamu kusikilizwa na mtu mzima aliyeacha kazi yake kwa ajili yako.

"Nina uhakika mashine hizo ni maganda matupu," Bwana Uhakika akasema. "Hela za umma zimeliwa, hao wanapewa masanduku ya kuchezea. Mungu wangu! Serikali imeuziwa mwanga usioonekana!"

Maneno hayo yalisambaa mtaani kabla chai ya Kachero haijapoa. Hata shuleni watoto walifanya mzaha. Mvulana mmoja alimpa mwenzake kiganja kitupu: "Shika andazi, ila halionekani." Kachero alicheka na wenzake. Alijiona shujaa aliyefichua jambo.

Wiki iliyofuata mama alirudi nyumbani amenyong'onyea. Hakuzunguka nyuma ya nyumba. Alisimama barazani, akaitazama pembe ambayo cherehani ilikuwa ikikaa.

"Wizara imesikia kwamba vifaa vyetu ni bandia," alisema. "Wanakuja kukagua Alhamisi. Kampuni nayo imesema haitaweka saini ya mkataba wa ajira mpaka jambo hili liishe. Wakitufungia, mwanangu, sina pa kurudi. Wateja wameshahama na cherehani."

"Nani amesema ni bandia?" Kachero aliuliza.

"Sijui. Mtu asiyetutakia mema."

Kachero alimimina chai. Alitaka kukiri, lakini akaishia kumpa mama kikombe. Tena bado moyoni alikuwa na shaka. Je, kama vifaa ni bandia kweli? Si afadhali mama ajue mapema? Alijipa moyo kwa wazo hilo, lakini usingizi ulimpa taabu.

Alhamisi, baada ya shule, alikwenda chuoni. Mtaa mzima ulikuwa umejazana madirishani. Ndani walikuwamo wanafunzi, mkufunzi, mwakilishi wa kampuni na afisa wa wizara, mwanamke mkavu wa maneno ambaye hakuwa na hata chembe ya tabasamu. Bwana Uhakika alikuwa ameshajipenyeza mbele.

Mkufunzi alichomeka ncha ya uzi kwenye kipimo cha mwanga. Namba ikatokea kwenye kioo chake.

"Hata redio yangu mbovu ina namba," Bwana Uhakika akadakia. "Haitoi sauti, lakini namba zinawaka."

Watu wakacheka. Afisa akamgeukia. "Wewe ndiye uliyeleta malalamiko. Umepata wapi habari hizi?"

"Kwa mtoto wa humu humu ndani, bibie. Yule pale! Binti wa huyu mama. Alikaa hapa asubuhi nzima akaona kwa macho yake."

Mama aligeuka. Alimtazama tu Kachero, na Kachero alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Njoo hapa," afisa aliita. "Ni kweli?"

"Shikamoo. Ndiyo, ni mimi niliyesema."

"Marahaba. Uliona nini?"

"Sikuona kitu. Ndiyo maana nikasema."

Machozi yalikuwa karibu, na akili yake ilitafuta njia ya kumaliza jambo hilo pale pale. Uzi mwingine ulikuwa mezani, ncha yake imefunguliwa. Kama kuna mwanga, si angeuona akichungulia ndani? Aliunyakua akauinua kuelekea jichoni.

Mama aliruka kutoka upande wa pili wa meza, akamkamata kifundo cha mkono kwa nguvu.

"Usiangalie! Mwanga huu jicho haliuoni, kwa hiyo halijifumbi. Unaweza kukuchoma ndani ya jicho wala usihisi!"

Mkono wa mama, ule usiotetemeka, ulikuwa unatetemeka. Kachero aliweka uzi chini taratibu. Lakini Kachero ni Kachero.

"Hauonekani," alisema kwa sauti ndogo, "na tena hauruhusiwi kuangaliwa. Sasa mtu atajuaje kama upo?"

Nje watu walipasuka kwa kicheko. Mkufunzi hakukasirika. Aliinama usawa wa macho ya mtoto. "Swali zuri. Ungekuwa wewe, ungejuaje?"

Kachero alikitazama kipimo, akautazama uzi. Uzi ulitoka mezani, ukapita kwenye tundu la ukuta na kuingia chumba cha pili, ambako kile kisanduku cha kijivu kilikuwa kimehamishiwa. Wazo likamjia.

"Mtu asiyeamini aende kule kwenye swichi," alisema. "Awashe na kuzima anavyotaka, mlango umefungwa. Mimi nikae na kipimo huku, niseme kila mwanga unapowaka na unapozimika. Kama namba hizi ni za uongo, nitakosea."

"Mimi naenda!" Bwana Uhakika akasema. "Nina uhakika atakosea."

"Na mimi nitafuatana nawe," afisa alisema. "Nitashuhudia kila utakachofanya. Simu zote ziwekwe mezani." Mwakilishi wa kampuni alibaki kuandika majibu ya mtoto.

Mlango wa chumba cha pili ukafungwa. Kachero alikishika kipimo kwa mikono miwili. Kitambo kidogo, namba ikaporomoka.

"Umezimwa," alisema.

Namba ikapanda. "Umewashwa." Ikaporomoka tena, ikapanda tena, naye akatamka kila badiliko. Madirishani kicheko kilipungua.

Kisha namba ikatulia, wala haikubadilika tena. Kachero alisubiri. Watu nao walisubiri, halafu wakaanza kunong'onezana. Mwakilishi wa kampuni alitazama saa yake, akamtazama mkufunzi.

"Kimekwama hicho," mtu mmoja alisema dirishani. "Amekwisha!"

"We mtoto, sema basi umezimwa," mwingine akamshauri. "Haiwezekani akae muda wote huo bila kugusa swichi."

Kachero alianza kuwaza. Hakika Bwana Uhakika hakuwa mtu wa kutulia. Huenda alikuwa ameshazima na kuwasha mara nyingi, na kipimo kilikuwa kinadanganya kama Kachero alivyoshuku tangu mwanzo. Akikisia vizuri, angemwokoa mama. Akikaa kimya, kila kitu kingeharibika mbele ya mtaa mzima. Aliinua macho. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Unasemaje?" mwakilishi aliuliza, kalamu mkononi.

Kachero alikitazama kipimo tena. "Bado unawaka," alisema. "Haujazimwa."

"Una hakika?"

"Kipimo kinasema hivyo. Siwezi kusema kingine."

Mlango ulifunguliwa. Afisa aliingia, akachukua karatasi ya mwakilishi na kuilinganisha na yake, mstari kwa mstari.

"Alizima na kuwasha, akazima na kuwasha," alisema. "Baada ya hapo hakugusa kitu. Alisema anataka kumtega mtoto."

Bwana Uhakika alijikuna kisogo. "Nilitia mikono mfukoni tu," alikiri. "Nikasema lazima ataropoka. Hebu... hebu na mimi nikishike hicho kipimo."

Waliokuwa madirishani walipiga kelele za kushangilia. Afisa alijaribu mashine zilizobaki kwa njia ile ile ya Kachero, moja baada ya nyingine, hadi akaridhika. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. Mkataba uliwekwa saini palepale mezani, kwa sharti kwamba mikono ioshwe kwanza.

Mama na Kachero walirudi nyumbani kwa miguu. Mama alitangulia hatua mbili mbele mpaka Kachero akashindwa kuvumilia.

"Nisamehe, mama. Niliogopa unatapeliwa."

"Umesemea dukani," mama alijibu. "Mimi ninayelala chumba kimoja na wewe, hukuniambia huniamini. Ungeniambia, ningekupeleka kwa mkufunzi siku ile ile ukashika kipimo."

Kachero alilia, na mama akamwacha alie. Walipofika karibu na nyumbani, mtoto alijifuta uso kwa kiganja.

"Mama, nina swali."

"Wewe tena! Uliza."

"Pale namba ilipotulia, ulikuwa unaogopa nini?"

Mama alipunguza mwendo. "Nilikuogopa wewe. Niliona unanitazama, nikajua moyoni utadanganya ili uniokoe. Sikukuamini." Alimshika bega. "Kwa hiyo na mimi nilishuku bure. Sikiliza, mwanangu. Kuwa na shaka si kosa. Leo shaka yako imewafanya watu wazima wapime badala ya kubishana. Kosa lako ni kwamba ulisema kabla ya kupima. Ukiwa na shaka, muulize mhusika, kisha pima. Na kipimo kikileta jibu, liseme hilo hilo, hata kama linakutia hofu, kama ulivyofanya leo."

"Nimesikia, mama."

"Bado hujamaliza. Ule uvumi ulioupeleka dukani ukazagaa nyumba kwa nyumba, hautarudi wenyewe. Nenda ukauchukue."

"Sasa hivi? Hata chai sijanywa!"

"Ulipoupeleka ulikuwa umekunywa?"

Kachero alizunguka mtaa mzima, akibisha hodi na kusema kwamba alikosea. Wengine walimsikiliza na kumpongeza. Wengine walimwambia hawaamini, kwamba mama yake ndiye amemtuma, na wakafunga mlango. Alipofika nyumba ya mwisho miguu ilikuwa inamuuma, na mwenye nyumba alimtazama kwa jicho la pembeni kama yeye mwenyewe alivyozoea kuwatazama watu.

"Nitaaminije?" mwenye nyumba aliuliza.

"Usiniamini," Kachero alisema. "Njoo kesho chuoni upime."